Mama Akitaka Kurudi Nyumbani Jioni

Juzi msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja aliniandikia: "Dada, mama ananiita kwa jina la shangazi aliyekufa. Nikimkosoa, analia. Nifanyeje?" Nilikuwa ndani ya matatu, nikapitiliza steji yangu.

Usimkosoe. Mimi hilo nililijua baada ya miaka miwili ya kelele. Mama yangu aliuza maharagwe Marikiti zaidi ya miaka thelathini. Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ulipomshika, ikifika saa kumi na moja jioni hujifunga leso, husimama mlangoni: "Nataka kwenda nyumbani." Nami na ujuaji wangu: "Mama, si hapa ndipo nyumbani? Kiti chako hukioni?" Siku moja alinizaba kofi wapangaji wakitazama. Nikamnunia mgonjwa siku nzima, Mungu anisamehe.

Kaka mkubwa alitaka maombi. Yule wa pili alituma mia tano, akauliza kama kuna sindano. Sindano ya kuponya ugonjwa huu haipo. Vidonge alivyoandikiwa bado anameza, na wewe usimwachishe mzazi wako dawa eti umenisoma.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza: "Mama alikuwa anafanya kazi gani?" Nikanunua gorogoro mbili za maharagwe ya nyayo. Sasa saa kumi na nusu, kabla hajaanza kuhangaika, nawasha taa na kumwekea uteo mapajani. Anachambua. Kijiwe anakitupa bila hata kukitazama. Kisha anapima, anajaza mpaka juu, anaongeza punje chache za mteja. Akilala nayachanganya tena na vijiwe vyake. Redio ikipiga twist za miaka ya 1960 anaimba mwanzo hadi mwisho, yeye ambaye jina langu limemtoka.

Wataalamu nao wana vikao vya kuchangamsha akili kwa wale ambao ugonjwa haujawazidi: watu wachache pamoja, nyimbo, michezo, habari za siku, vikao 14 kwa wiki 7. Vilianzia Uingereza, vikajaribiwa hata Hai, Kilimanjaro. Ulizia kliniki. Mtembeze pia, mpime masikio. Ila kwanza acha kubishana. Akisema anaenda nyumbani, muulize huko nani anamngoja.

Na ninyi wa mia tano, njooni mchambue maharagwe. Uteo wa pili upo.

Jana alinikazia macho, akauliza: "Wewe mteja, nikupimie ngapi?"

Nikamwambia moja, na nyongeza.