Je, fahirisi ya Wiener yaweza kutabiri tabia za wanga?

Swali: Ninatafiti wanga wa muhogo. Nimekokotoa fahirisi ya Wiener ya vipande vya amilosi (mnyororo wa glukosi ulio karibu kunyooka) na amilopektini (wenye matawi mengi), ambazo ndizo sehemu kuu mbili za wanga, nikakuta inawiana mno na uzito wa molekuli. Je, naweza kuitumia kutabiri mnato na joto ambalo wanga hugeuka rojo?

Jibu: Kwa mnato, ndiyo, kwa masharti. Kwa joto la kugeuka rojo, fahirisi hiyo peke yake haitoshi.

Nianze na uwiano uliouona, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Fahirisi hii, ambayo Harry Wiener aliitumia mwaka 1947 kukadiria viwango vya kuchemka vya parafini, ni jumla ya umbali, kwa kuhesabu viungo, kati ya kila jozi ya nodi za grafu, yaani mchoro wa molekuli ambamo hapa kila glukosi ni nodi moja. Katika mnyororo mnyoofu wenye glukosi n, jumla hiyo ni n(n²−1)/6, kwa hiyo uzito umekwisha kuingia ndani ya hesabu, na ulichofanya ni kulinganisha kitu na nafsi yake. Taarifa mpya imo katika matawi, nayo huonekana tu unapolinganisha molekuli zenye idadi sawa ya glukosi.

Chukua glukosi saba. Zikipangwa mstari mmoja, fahirisi ni 56. Sasa weka moja katikati, uiunganishe na matawi matatu ya glukosi mbilimbili. Kwa kuwa grafu hii haina duara, kata kiungo kimoja kimoja, zidisha idadi ya glukosi zilizobaki pande mbili, kisha jumlisha: viungo vitatu vya nje hutoa 6 kila kimoja, vitatu vya ndani hutoa 10, jumla 48. Uwiano wa 48 kwa 56, yaani takriban 0.86, una maana ya kifizikia, kwani kutokana na kazi ya Hans Kramers ya mwaka 1946 twajua kwamba, kwa mnyororo unaojikunja kwa uhuru kamili, huo ndio uwiano, kati ya molekuli yenye matawi na iliyonyooka, wa wastani wa mraba wa nusukipenyo cha mzunguko (radius of gyration), yaani kipimo cha jinsi molekuli ilivyotanuka. Molekuli yenye matawi hujikusanya zaidi, na kwa uzito uleule huongeza mnato kwa kiwango cha chini kuliko iliyonyooka.

Kuna mpaka ambao hakuna fomula ya grafu hii itakayouvuka. Amilosi na selulosi (nyuzi za kuta za seli za mimea) zenye idadi sawa ya glukosi zina grafu moja, ingawa glukosi zake zimeunganishwa kwa mielekeo tofauti, alfa na beta: ya kwanza, yenye viungo vya alfa, twaimeng'enya katika ugali wa muhogo, na ya pili, yenye viungo vya beta, vimeng'enya vyetu haviwezi kuivunja.

Joto la kugeuka rojo nalo hutegemea jinsi minyororo ya nje ya amilopektini inavyosokotana mbilimbili na kujipanga kuwa fuwele ndani ya chembe ya wanga, pamoja na kiasi cha maji. Kata viungo vya 1,6, yaani vile vya kwenye matawi, kwa kimeng'enya cha isoamilesi, upime mgawanyo wa urefu wa minyororo, kisha uuingize kwenye modeli yako ya kutabiri pamoja na uwiano wa Wiener (kama ule wa 48 kwa 56). Tenga pia sampuli kadhaa ambazo modeli haitaziona hadi siku ya kuijaribu.