Meno ya bandia ya mama yanacheza: vipandikizi vitamfaa?

Pole kwa mama, dada yangu. Umesema hana jino hata moja, ya bandia ya juu yametulia lakini ya chini yanaruka kila akitafuna, hadi nyama ameiacha. Vipandikizi, yaani vijiskurubu vya chuma cha titani vinavyowekwa ndani ya mfupa wa taya, vinaweza kumfaa sana, na wala hahitaji kupandikizwa jino moja moja. Chini ndiko kwenye usumbufu: ulimi unayasukuma, na hakuna kaakaa la kuyashikilia. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walipendekeza vipandikizi 2 tu vya titani upande wa mbele, kisha meno ya bandia yanabanwa juu yake kama kifungo cha blauzi. Usiku anayavua na kuyasugua, asubuhi anayabana tena.

Msiwe na haraka. Mfupa kushikana na titani huchukua kama miezi 3, wakati mwingine zaidi. Kabla ya kupandikizwa apigwe eksirei kuona mfupa uliobaki. Kama ana kisukari, kidhibitiwe kwanza. Na kama anatumia vidonge au sindano za kuimarisha mifupa, amwambie daktari mapema. Hilo wengi hulisahau.

Bei, ulizeni jumla yote, pamoja na vipira vya ndani ya vifungo, maana huchakaa na kubadilishwa. Ulizeni pia kama meno ya bandia aliyonayo yanaweza kutobolewa yawekewe vifungo, yatumike hayohayo.

Hela ikigoma, mwombeni daktari ayajaze upya hayo meno ya bandia upande wa ndani unaogusa fizi, yashike vizuri. Hiyo ni nafuu zaidi, na mimi ningeanzia hapo.