Kabla hujaipeleka San Andreas yako steshenari

Mwezi huu nimeletewa tena ile picha. Mnaijua: ramani ya San Andreas iliyochomolewa kwenye faili za gemu la Grand Theft Auto: San Andreas, imevutwa mpaka karatasi kubwa ya A1, majina yameandikwa kwa herufi nyekundu, na mwenyewe amesimama kaunta anauliza, "Kaka, mbona inatoka na ukungu?" Nawapenda wadogo zangu, ila gemu limetoka 2004 na kosa hili lina umri uleule. Naandika mara moja, ili atakayekuja kesho nimwambie akasome kwanza ndipo tusalimiane.

1. Vigae vya rada, yaani vipande vya picha vinavyounda ile ramani ndogo ya kwenye kona ya skrini, si ramani ya kuchapisha. Viko 144, kumi na viwili kwa kumi na viwili, na kwenye PC kila kimoja ni pikseli 128 kwa 128. Ukivipanga vyote unapata mraba wa pikseli 1,536. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni picha ya sentimita 13, imeizidi kidogo tu diski ya gemu lenyewe. Ukiivuta ijaze upana wa A1 unabaki na nukta 65 kwa inchi, na hapo usimlaumu mwenye printa. Vigae ni vya kufuatishia: viweke leya ya chini, vififishe, halafu chora upya kila kitu kwa vekta, yaani mistari isiyopata ukungu hata ukiivuta. Programu ya kuchorea ya Inkscape ni ya bure. Shingo itauma, najua. Anza na pwani, kisha reli, maana reli inazunguka kupitia miji mitatu ya gemu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas. Ukiwa umepinda mahali itakuumbua mapema.

2. Kila mahali kwenye gemu pana namba mbili, X ya magharibi-mashariki na Y ya kusini-kaskazini. Y ya gemu inapanda kwenda kaskazini. Sifuri iko katikati, kule mashambani Blueberry Acres, na kila upande una uniti 3,000, ndicho kipimo cha gemu. Programu nyingi za picha zinahesabu kutoka kona ya juu kushoto kwenda chini. Kwa hiyo X unaijumlishia 3,000, Y unaitoa kwenye 3,000, ndipo unabandika alama. Kuna bwana mdogo alibandika chaza wote 50, wale wa kuokota waliofichwa majini, bila kugeuza Y. Chaza wa upande wa Bayside, kaskazini, wakaenda kuishi kusini karibu na Angel Pine, chini ya Mlima Chiliad. Nilipomuuliza akaniambia labda maji yalikauka. Yule atafika mbali.

3. Ukipiga picha za angani, gandisha saa ya gemu saa sita mchana na hali ya hewa iwe jua. Sekunde moja yako ni dakika moja kule, siku nzima inaisha kwa dakika 24, kwa hiyo usipoigandisha vivuli vya mtaa wa Ganton vitalala upande mmoja na vya mtaa wa Idlewood upande mwingine.

4. Skeli. Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoliwa.

Nilichukua uniti moja kuwa mita moja, nikapanga 1:8,000. Kilomita 6 zinakuwa sentimita 75. Plota, ile printa ya karatasi kubwa, sikuwa na hela yake, nikaigawa ramani karatasi tisa za A3, tatu kwa tatu, kila moja mita 2,000, yaani sentimita 25 kamili. A3 ina upana wa sentimita 29.7, nafasi ya kutosha. Hesabu ilikuwa safi, nikajiona mpima ardhi.

Nikaenda steshenari ya kwanza. Karatasi tatu za kaskazini, kuanzia Bayside mpaka Las Venturas, zikatoka vizuri kabisa, halafu tona ikaisha. Nikavuka barabara, steshenari ya pili ikamalizia zile sita. Palepale kulikuwa na mashine ya laminesheni na hakuna foleni. Mwenye akili angeziweka kwanza chini aone kama zinaungana. Mimi nilisema zote tisa zipitishwe, tena nikaongeza hela nipate plastiki nene.

Nyumbani nikazitandaza sakafuni nikianzia kushoto. San Fierro ikakubali, barabara zimepishana kama milimita moja hivi, nikasema ni mkono wangu. Katikati zikaanza kuachana waziwazi. Kufika Las Venturas, The Strip, barabara ya makasino, imekatika: ya juu na ya chini ziko mbali karibu sentimita mbili. Kwa skeli ile ni mita 150! Na kwa kuwa mstari wa kukatia ulipita Y ya 1,000, ulipasua kasino ya Four Dragons katikati, nusu ya kusini imetulia mahali pake na nusu ya kaskazini imehamia magharibi kuelekea jangwani.

Nilifungua faili nikakagua mstari mmoja mmoja. Nilimshuku mdogo wangu kwamba alichezea kompyuta, nikamsema mpaka akanuna. Usiku ndipo nikakumbuka kushika rula. Karatasi za steshenari ya kwanza zilikuwa na sentimita 24 na robo. Za pili, 25 kamili. Mashine ya kwanza ilikuwa imewekwa "Fit", ikapunguza kila ukurasa mpaka asilimia 97 ili usiguse kingo ambazo printa haifiki. Ya pili ilikuwa "Actual size". Na zile tatu za juu zilikuwa zimeandikwa 1:8,000 kwa herufi nzuri kabisa, uongo mtupu.

Kubandua laminesheni usijaribu; karatasi inakuja nayo. Nilijaribu kupunguza kingo kwa wembe ili angalau zisogeleane, plastiki ikafunguka pembeni, na baada ya wiki moja ya unyevu Bayside ilikuwa imevimba.

Yule wa steshenari hakukosea. Siku nzima analetewa barua na vyeti, na barua ikipungua asilimia tatu hakuna anayekufa. Mimi ndiye nilikuwa na mzigo unaotaka vipimo na sikufungua mdomo. Kwa hiyo: sema "Actual size" kabla hajabonyeza, na uangalie skrini yake, usione haya. Kwenye kona ya kila karatasi, nje ya fremu, chora mstari wa sentimita 10, na uupime kwa rula kabla hujalipa. Karatasi zote zitoke mashine moja. Kila karatasi iingie ndani ya jirani yake sentimita moja ili uwe na pa kukatia. Laminesheni ni ya mwisho. Na skeli ya tarakimu peke yake haitoshi, weka na ya mstari, maana ile hupungua pamoja na ramani na haidanganyi hata ikikutana na "Fit".

Mwenye hela ya plota asijidanganye kwamba amepona. Watu husema A1 ni sitini kwa themanini na nne, kumbe ni 59.4 kwa 84.1. Ukichagua 1:10,000 ramani yako ni sentimita 60 kamili, tayari umezidi kabla hata ya fremu. Chukua 1:12,500, inakuwa 48, na ufunguo wa alama za ramani unapata pa kukaa.

5. Bluu ya bahari unayoiona kwenye skrini haipo kwenye wino. Chapisha kwanza kipande kidogo chenye bahari, jangwa la Bone County na msitu, uone kwa macho, ndipo ulipie karatasi kubwa.

6. Majina yawe nyeusi ya wino mweusi peke yake. Nyeusi iliyochanganywa rangi nne ikihama kidogo, Palomino Creek inasomeka kama mtu aliyeandika akiwa na homa. Na geuza herufi ziwe michoro kabla ya kutoa PDF, kompyuta ya steshenari haina fonti yako.

7. Los Santos itengenezee dirisha lake pembeni kwa skeli kubwa zaidi. Michoro 100 ya ukutani ambayo mchezaji anaipulizia rangi iko kwenye mji huo mmoja. Ukiing'ang'aniza kwenye ramani kuu utafunika Grove Street na nukta.

8. Ni ya ukutani kwako na kwa rafiki zako. Gemu lina wenyewe, usianze kuiuza barabarani halafu unitaje.

9. Kabla ya kuja, hesabu alama zako za vitu vya kutafuta kwenye gemu: michoro 100 Los Santos, picha 50 za kupiga San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, chaza 50 majini kote. Jumla 250. Ukipata 249 usije kaunta kuniuliza ipi imepotea, na ukipata 251 usije kabisa.