Barabara ya mtaa hailipwi na TANROADS
Wengi huuliza kama TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, ndio wa kutengeneza barabara ya mtaani kwao. Hapana, barabara ya mtaani kwenu si ya TANROADS. Wao wana barabara kuu na za mikoa. Za mitaa na vijijini ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, yaani tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA. Mitaa mipya hukwama kwa sababu barabara yake haimo kwenye orodha ya TARURA. Mbaneni diwani mapema ili yenu iingizwe, bajeti mpya huanza 1 Julai.