Meli za kigeni na viumbe wanaosafiri nazo

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Lamu. Tangu bandari mpya ya Ghuba ya Manda ianze kupokea meli mwaka 2021, tunaulizana iwapo zinaweza kutuletea viumbe wageni watakaodhuru mazalio ya samaki. Nasikia meli hubadilisha huko bahari kuu maji yake ya farumi, yaani maji ya bahari inayoyabeba ndani ili isiyumbe, na ambayo huja na viumbe. Je, hilo linatosha?

JIBU: Halitoshi, ndugu yangu, na sheria yenyewe imekwisha kulivuka. Chini ya mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi, uliopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, meli nyingi ziliruhusiwa kwa muda kubadilisha maji hayo, ikiwezekana maili 200 za baharini kutoka nchi kavu, penye kina cha mita 200 au zaidi. Muda huo ulikwisha tarehe 8 Septemba 2024. Sasa maji yanayomwagwa yanatakiwa yawe na viumbe hai wasiofika 10 katika kila mita ya ujazo, kwa wale wenye ukubwa wa maikromita 50 (sehemu ya ishirini ya milimita) na kuendelea, na ndiyo maana meli hufungwa mitambo ya kuyachuja na kuua viini kwa mionzi au klorini. Meli inayopakia shehena ndiyo humwaga farumi, inayopakua huyavuta.

Mimi nahofia zaidi tumbo la meli, yaani upande wake wa nje ulio chini ya maji. Viumbe hung'ang'ania penye rangi iliyochakaa, kwenye usukani na katika matundu ya kuvutia maji, hasa chombo kikikaa muda mrefu bila kwenda, kama tishari au meli ya kuchimba kina. Miongozo ya kimataifa kuhusu jambo hili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, ni ya hiari. Mafundi wetu wa majahazi walilijua tatizo hili zamani, wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Mwaka 1999, huko Darwin, Australia, kome wa kigeni waligunduliwa katika maegesho ya mashua, wakaangamizwa kwa klorini na shaba kwa sababu walionekana mapema na maegesho yale yana milango ya kufungwa. Ghuba ya Manda haina mlango. Kwa hiyo nguzo za gati na maboya yakaguliwe mara kwa mara, na meli zisikwanguliwe ndani ya ghuba bila kukusanya uchafu wake. Nanyi mkiona kome au mwani msioujua, upigeni picha, mchukue kielelezo, mkipeleke ofisi ya uvuvi, wala msiutupe tena majini.