Nyumba Haishiki Mtandao: Tuhamie Kampuni Gani?

SWALI: Tunaishi Lushoto, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati, chini kidogo ya kilima. Tuko sita: mimi, mume wangu anayefanya kazi Tanga mjini na kurudi mwisho wa wiki, watoto watatu, na mama mkwe mwenye miaka 74, ambaye hutumia simu ya kitochi. Laini zetu ni za kampuni tatu tofauti na vifurushi vinatumaliza, lakini nikitaka kuongea na mume wangu usiku ni lazima nitoke nje hadi chini ya mparachichi. Tumeamua sote tuhamie kampuni moja. Ni ipi yenye vifurushi nafuu vya familia?
Mama wa Watatu, Lushoto

JIBU: Mama wa Watatu, naomba suala la bei lisubiri kidogo, kwa sababu kifurushi ambacho ni lazima ukitumie chini ya mparachichi ni ghali hata kikiuzwa nusu bei. Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kununua kifurushi cha mwezi mzima cha kampuni iliyosifiwa na jirani, kisha nikagundua kwamba nyumbani kwangu simu ilishika mtandao ikiwa juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni tu. Usiku mama yangu alipozidiwa, kaka yangu alinipigia mara saba asinipate, nami nilipata habari asubuhi.

Hakuna mtu, hata wakala wa kampuni yenyewe, anayeweza kukuambia kwa hakika ni mtandao upi unaoshika chumbani kwako. Katika milima ya Usambara nyumba mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa moja inauona mnara na nyingine imezibwa na kilima. Bati nalo huyarudisha mawimbi, na ukuta mnene huyapunguza nguvu. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 800 au 900, hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi kuliko yale ya 2600, na hiyo ni sababu mojawapo ya kampuni yenye kasi kubwa mjini kushindwa kufika ndani kwako.

Kwa hiyo pimeni wenyewe. Azimeni kwa jamaa laini za kampuni zote zinazofika hapo Lushoto, mziweke kwa zamu katika simu janja moja ile ile, kisha mzunguke nayo sebuleni, jikoni na katika kila chumba cha kulala, milango ikiwa imefungwa. Msitegemee vile vistari vya juu ya kioo, kwani kila mtengenezaji wa simu huvipanga anavyotaka. Katika simu nyingi za Android, ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, kisha hali ya laini, utaona namba hasi yenye alama ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa 4G, -85 ni mawimbi mazuri, -100 ni ya kuvumilia, na ikifika -115 tarajieni kukatikiwa. Tofauti ya 10 tu maana yake ni nguvu mara kumi, kwa hiyo msiidharau.

Pimeni mchana, halafu rudieni saa mbili usiku, wakati watu wengi wapo mtandaoni, kwa sababu mnara ulioelemewa hukupa mawimbi mazuri huku intaneti ikisuasua. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kupiga simu yenyewe. Baadhi ya simu zikipiga huacha 4G na kushuka hadi 3G au 2G, kwa hiyo nyumba inaweza kufungua video vizuri na bado sauti ikakatika. Kitochi cha bibi, kama kilivyo vitochi vingi, huenda kinatumia 2G peke yake, kwa hiyo kila laini ijaribiwe pia ndani ya kitochi hicho, pale pale kitandani kwake. Mtandao utakaoshindwa hapo ningeuondoa kwenye orodha, maana yeye hawezi kutoka nje usiku kutafuta mawimbi.

Zikibaki kampuni mbili zilizofaulu, sasa linganisheni bei. Wengi wetu hununua vifurushi kwa malipo ya kabla, kwa hiyo msisumbuke sana kutafuta chenye jina la familia. Tangu mwaka 2021 kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, zinamwezesha mteja kumhamishia mwingine wa mtandao huo huo sehemu ya kifurushi chake, na kuendelea kutumia salio lililobaki iwapo atanunua tena kifurushi kile kile kabla ya muda kwisha. Kwenu hilo ni faida ya wazi ya kuwa kampuni moja: unaweza kununua kikubwa cha mwezi na kuwagawia watoto. Mume wako naye apime kule anakolala Tanga kabla hamjakata shauri. Kama huko mtandao wenu ni dhaifu, awe na simu ya laini mbili.

Namba zenu hazitapotea, kwani huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ipo Tanzania tangu Machi 1, 2017. Toeni kwanza fedha zilizomo katika akaunti za simu na lipeni mikopo, kisha nendeni kwa wakala mkiwa na vitambulisho vya NIDA. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na hakikisheni ya bibi iko kwa jina lake mwenyewe.

Mkiuziwa kifaa cha kuongeza mawimbi, ulizeni kwanza kama kimeidhinishwa na TCRA, kwa kuwa kisichoidhinishwa chaweza kuuvuruga mnara na kuwanyima majirani mawasiliano.