Kabla ya kura kulikuwa na pilau

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata na hela ya dawa ya baba yako imefika, ahsante. Mguu unaendelea vizuri, ila mwenyewe anachechemea zaidi akiona kuna mtu anamtazama.

Sasa swali lako. Unasema mmebishana kazini, ukaona uniulize: uchaguzi wa urais wa 2015, kati ya Magufuli na Lowassa, mama ulimpigia nani? Maana baba yako kila akipata wageni huwaambia kwamba nyumba yetu nzima ilikuwa na Lowassa. Nitakujibu. Lakini huwezi kuanzia Oktoba. Oktoba chakula kilishaiva, sisi tulikuwa tunaletewa mezani tu. Nimekuambia tangu uko darasa la tano: mwenye kisu cha kukata majina ndiye mpiga kura mkubwa. Sisi wengine kura yetu ni ndogo.

Wewe ulikuwa chuoni Iringa, hukuiona Dodoma ya Julai ile. Makada 42 wa CCM, chama tawala, walichukua fomu za kuomba chama kiwasimamishe urais, kila fomu shilingi milioni moja, na 38 wakazirudisha. Makamu wa Rais yumo, Waziri Mkuu yumo, mawaziri wakuu wa zamani wawili, Jaji Mkuu mstaafu, mtoto wa Mwalimu. Mawaziri ndiyo usiseme. Pale Majengo mzaha ukawa kwamba ukimkanyaga mtu sokoni umwombe radhi vizuri, huenda naye kachukua fomu. Na kila mmoja ana wapambe wake, na wapambe wanakula. Gesti zilijaa mpaka watu wakapangisha sebule zao. Mimi nilikuwa na meza nne na mabenchi, nikaongeza turubai nyuma. Kumbuka ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo napika mchana kwa wasiofunga, nimetundika khanga mlangoni kwa heshima, magharibi napika futari, usiku wa manane daku. Baridi ya Dodoma ya Julai unaijua, na ule upepo unaokurushia majivu ya jiko usoni.

Kuna bwana mmoja alikuja Alhamisi na Noah tatu za watu. Sitamtaja, na sitasema alikuwa mpambe wa nani, ingawa ulimi unawasha. Walikula, wakalipa, wakasifu. Halafu akaagiza pilau ya watu 120 kwa Jumamosi usiku. "Tutakuwa tunasherehekea, mama." Akaacha kishika uchumba cha shilingi 50,000. Baba yako akanivuta pembeni akaniambia siasa hulipwa mbele. Nikamwambia aache roho mbaya, watu wakubwa hawa. Nikakopa nyama kwa yule muuza nyama wetu, nikakopa mchele kilo 25, na ile sufuria kubwa ya bibi yako nikaitoa stoo. Unajua siitoi hovyo.

Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi Kamati Kuu ya CCM ikayakata majina yote yakabaki matano: Membe, Magufuli, January Makamba, Dk. Migiro na Balozi Amina Salum Ali. Lowassa hayumo. Baba yako alikuwa amekaa juu ya ndoo karibu na redio, daku yake ikapoa hakuigusa. Kulipokucha tukasikia wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wametoka nje kuwaambia waandishi kwamba uamuzi ule hawauungi mkono. Na Halmashauri Kuu ilipokutana kuyapunguza yale matano yawe matatu, wajumbe wakamwimbia mwenyekiti wao, Kikwete, usoni kwake, kwamba wao wana imani na Lowassa. Mambo ya namna hiyo ndani ya chama kile tulikuwa hatujazoea kuyasikia.

Mtu wa yule bwana wangu naye hakuwemo kwenye tano.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angezima moto. Mimi nilifikiri hivi: alisema sherehe, sawa, sherehe imekufa, lakini hata msibani watu wanakula. Hawa watu 120 wana njaa ileile ya jana. Nikapika. Saa kumi na mbili na nusu jioni pilau imeiva, kachumbari imekatwa, dada yako kapanga sahani. Nikapiga simu, ikaita. Nikapiga tena, ikaita. Mara ya tatu yule dada wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Kijana mmoja wa bodaboda akaja kuniambia zile Noah kaziona tangu asubuhi zikishika barabara ya Morogoro.

Mwanangu, mpaka leo nikinusa bizari ya pilau usiku nasikia ile sauti ya "haipatikani".

Nilikaa chini nikalia kidogo, si sana. Halafu nikasema hii ni Ramadhani. Tukapeleka sinia msikitini, tukaita bodaboda wote wa kijiweni, majirani, na wajumbe wawili wazee kutoka Pemba waliokuwa wamepotea njia ya gesti. Walikula watu kushinda wale 120, na katikati ya kula habari ikafika kwamba zimebaki tatu: Magufuli, Migiro na Amina. Wanawake wawili kati ya watatu! Nilipiga kigelegele na mwiko mkononi, baba yako akaniuliza kama nimesahau deni. Kweli nililisahau, kwa nusu saa. Mama yangu mimi alikufa hajui kuandika jina lake, na pale walikuwa wamebaki wanawake wawili wasomi na mwanamume mmoja kuelekea Ikulu.

Jumapili yakaja matokeo ya Mkutano Mkuu. Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Hamsini na tisa, mwanangu. Marehemu babu yako alipenda kusimulia kwamba mwaka 1995, hapahapa Dodoma, Mkapa alimpita Kikwete kwa 686 dhidi ya 639, kura 47 tu. Ile ilikuwa mechi. Hii ya 2015 ilikuwa mtu kasindikizwa. Au tuseme waliokuwa na hasira ya kukatwa mtu wao walikimbilia kwa mmoja, sijui, wenye siasa zao watakueleza.

Kwa hiyo ukiniuliza nilimtaka nani, niliyemtaka alibaki kwenye zile kura za Jumapili. Karatasi ya Oktoba ilikuwa na wagombea wanane, naye hakuwemo. Ndiyo maana nakuambia habari ya kisu.

Baba yako anasoma hii begani kwangu na anasema nadanganya. Anasema kisu kilimkata Lowassa, akaenda Chadema mwezi uleule, akasimama na UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, na watu wakampa karibu asilimia 40 ya kura. Kwa hiyo, anasema, kisu kilikata jina lakini watu hakikuwakata. Ni kweli. Nakubali. Lakini Magufuli alipata asilimia 58, na hao pia walikuwa watu. Na kuna jingine linaninyima usingizi zaidi ya hoja ya baba yako. Ile Jumapili, nikiwa nasugua ukoko wa sufuria ya bibi yako, redio ilitaja mgombea mwenza: Samia Suluhu Hassan. Sikuacha hata kusugua. Nilikuwa bado nawalilia Amina na Migiro, na jina lenyewe likapita sikioni kama tangazo la sabuni. Machi 2021 Magufuli alipofariki, yule, akiwa Makamu wake, ndiye aliyeapa kuwa Rais. Sasa sema, hapo kilichochagua ni kisu, au ni Mungu, au ni nani? Baba yako anasema ni Katiba. Haya.

Januari 2025 CCM walikutana tena hapa, Mkutano Mkuu maalumu. Safari hii hakuna fomu 42. Jina la urais lilikuwa moja, la Samia, na mgombea mwenza akatajwa Nchimbi, yuleyule wa kutoka nje kuwaambia waandishi. Mji ulikuwa mtulivu, gesti zikalipwa vizuri, mimi nikauza chai na chapati na sikudhulumiwa na mtu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijikuta nikiikumbuka fujo ya 2015, turubai, Noah, watu wakibishana mpaka saa ya daku. Halafu najiuliza, nakumbuka fujo ipi mimi, ile iliyoniachia deni la 380,000 nikalilipa mpaka Desemba? Siwezi kukuambia ipi ni bora. Ninayo yangu moyoni, ila siwezi.

Na kura yenyewe. Oktoba 25 nilisimama kwenye foleni ya shule ya msingi tangu saa kumi na moja alfajiri, nikaingia, nikakunja karatasi, nikatumbukiza. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na sioni adabu kumwambia mtu nilimwacha marehemu yupi. Usinibembeleze kwenye simu, unajua huwa nalainika.

Ila ukiongea na baba yako, mwambie awaambie wageni "nyumba yetu" tu. Hilo neno "nzima" aliache.

Mama yako